Marree, mji wa kupakua na kupakia

Tulitoka Adelaide alfajiri, baridi ya Julai inauma vidole, mimi na shemeji yangu mwenye gari. Yeye alitaka kuliona jangwa. Mimi nilikuwa naifuata reli. Nimekulia Tabora, kwenye kota za reli, na tangu niliposikia kuwa kaskazini ya jimbo la Australia Kusini kuna mji mdogo ulioletwa na treni na kulishwa na misafara ya ngamia ya Waislamu, sikutulia.

Ni karibu kilometa 700. Ukishapita Port Augusta, ukaiacha Quorn na Hawker, milima ya Flinders inakusindikiza mkono wa kulia na reli ya zamani inaanza kujionyesha: tuta lisilo na chuma, nguzo za daraja zilizobaki peke yake kwenye korongo kavu. Mtoto wa reli halikosei tuta la reli. Halina kona za ghafla wala vilima vya haraka.

Kama kilometa 50 kabla ya Marree tulisimama Farina. Reli ilifika hapa mwaka 1882. Jina ni la Kilatini, maana yake unga, kwa sababu waliamini nchi hii itakuwa ya ngano. Ukame ukawajibu. Zimebaki kuta za mawe zisizo na paa, na ukisimama mlangoni mwa nyumba moja hakuna kinachozuia macho mpaka mbingu inapokutana na ardhi. Lakini Farina haikuuawa na ukame peke yake. Ilikuwa mwisho wa reli kwa miaka miwili tu. Mwaka 1884 treni ikasogea mbele, na kazi ikaenda nayo.

Ilikosogea ndiko Marree, wakati huo ikiitwa Hergott Springs, kwa jina la Mjerumani aliyekuwa kwenye msafara wa mvumbuzi John McDouall Stuart na kuziona chemchemi za hapo mwaka 1859. Waarabana, wenyeji wa nchi hiyo, hawakusubiri kuonyeshwa maji yao na mtu. Vita Kuu ya Kwanza ilipochafua kila kitu cha Kijerumani, majina yakafutwa kwenye ramani, na mwaka 1918 mji ukawa Marree.

Chemchemi ndizo zilizoamua njia yote. Injini ya mvuke haiendi bila maji, basi reli ikafuata mstari wa chemchemi, njia ileile waliyopita wajenzi wa waya wa telegrafu uliokamilika mwaka 1872.

Ngamia walitangulia kufika. Mwaka 1866 zaidi ya mia moja walikuwa wameshashushwa Port Augusta, wametoka Karachi na wachungaji wao. Wazungu waliwaita wote Waafghani, ingawa wengi walikuwa Wapunjabi, Wasindi na Wabulushi. Wabulushi! Tabora hatuhitaji kuelezwa ni nani. Mababu zao walifika kwetu na misafara pia.

Nilidhani treni ndiyo iliyomnyang'anya ngamia riziki. Pale Marree kwa miaka mingi ilikuwa kinyume. Treni ilileta unga, sukari, chai, waya za uzio, ikaishia stesheni. Kuanzia hapo ni ngamia. Dume lenye nguvu lilibeba hadi kilo 600, na msafara ukashika njia ya kwenda mji wa Birdsville, zaidi ya kilometa 500 za mchanga na mawe, ukarudi na marobota ya sufu. Hata reli ilipofika Oodnadatta, mbele zaidi kaskazini, mwaka 1891, mzigo wa Birdsville bado ulishukia hapa. Aliyekuja kumwondoa ngamia ni lori. Mwaka 1925 ikatungwa sheria iliyoruhusu kuua ngamia waliozurura, na wachungaji wengi wakaona afadhali wawaachie porini kuliko kuwapiga risasi wanyama waliowalisha.

Na watu wale waliobeba nchi mgongoni waliishi ng'ambo ya reli. Upande mmoja Wazungu na hoteli yao ya ghorofa iliyojengwa mwaka 1883, upande wa pili Waafghani na wenyeji. Kuanzia 1901 sheria za uhamiaji ziliwabana zaidi, na walipoomba uraia walinyimwa. Treni yenyewe ikaja kuitwa The Ghan, kifupi cha Afghan, kwa jina lao. Nililifikiria hilo nikiwa nimesimama katikati ya njia, hatua chache kila upande, na lilinichoma.

Mwaka 1957 Marree ikapata kazi mpya. Kutoka kusini ikaja reli pana ya milimita 1,435, wakati ya kwenda Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, ilibaki ya milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Aliyewahi kuona Kidatu, TAZARA inapokutana na reli yetu ya mita moja, anaelewa: behewa haliwezi kuendelea, basi mzigo unashushwa huku na kupandishwa kule, na abiria nao. Mji mzima uliishi kwa mshono huo. Kaskazini mafuriko yalibeba tuta na mchwa wakala mataruma. Inasimuliwa kwamba treni moja ilikwama wiki mbili, dereva akawa anawinda mbuzi ili abiria wale. Mwaka 1980 ikafunguliwa reli mpya kupitia Tarcoola, mbali upande wa magharibi, na The Ghan haikurudi tena. Miaka michache baadaye na ile pana ikafungwa.

Stesheni ipo bado, na vichwa vya dizeli vimeachwa mbele yake, rangi imebabuka. Mitende ya Waafghani ipo pia. Kwetu msafara uliacha miembe, kwao tende.

Msikiti wao wa udongo, uliokuwa na kidimbwi cha kutawadhia mbele yake, haupo. Watu wa mji wamejenga mfano wake, nguzo za miti na paa la kuezekwa, upepo unapita katikati. Nilitawadha kwa maji ya chupa, nikavua viatu, nikaelekea magharibi nikaswali Alasiri peke yangu. Mchanga ulikuwa baridi chini ya paji la uso.

Nilipotoka nilimkuta shemeji kwenye kichwa kimoja cha treni, kiganja amekilaza kwenye bati lililopigwa na jua mchana kutwa.

"Shemeji, njoo ushike," akaniambia. "Kina joto kama kimezimwa sasa hivi."