Unix ndani ya diski D

Mwaka 2014 nilikuwa karani wa nyaraka kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha pale Kurasini, Dar es Salaam, si mbali na Bendera Tatu. Kazi yangu kubwa ilikuwa orodha za makontena. Mawakala wa meli wanatuma barua pepe, bandari kavu nazo zinatuma zao, na kila mmoja ana mtindo wake: huyu kazitumbukiza namba katikati ya maelezo, yule kaleta faili la Excel lenye rangi kama doti ya kanga. Mimi nizichambue, nizilinganishe, na kabla ya saa kumi jioni mama wa uhasibu awe na orodha moja safi.

Kwa mtu aliyezoea Linux ya maabara ya chuo, mfumo wa kompyuta wa ukoo wa Unix, kazi yenyewe haikuwa ngumu. Shida ilikuwa kompyuta niliyopewa: Windows 7 iliyobanwa kila upande. Flashi haisomi. Ukijaribu kusakinisha chochote, kinachomoza kile kidirisha kinachodai nywila ya msimamizi, na nywila yenyewe anayo kijana mmoja tu wa IT, ambaye ukimwita leo atakuja keshokutwa.

Nikamfuata mwenyewe kwenye chumba cha seva, ambako ndiko kiyoyozi kilikokuwa kizima. Nilitaka kuweka Cygwin, programu inayoleta zana za Unix ndani ya Windows.

"Kaka, haki za msimamizi sikupi," aliniwahi hata sijamaliza kueleza. "Hata bosi hana."

"Sizitaki. Nataka folda tu."

Hapo akageuza kiti. Nikamweleza kwamba kinachozuiliwa ni kuandika kwenye maeneo ya mfumo, kama Program Files na ile sehemu ya rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, inayohusu mashine nzima. Programu ikikaa kwenye folda yake bila kugusa huko, Windows haina sababu ya kuuliza nywila. Cygwin inakubali maisha hayo. Ilianza mwaka 1995 kwenye kampuni ya Cygnus ya Marekani, na moyo wake ni faili moja, cygwin1.dll, linalopokea maombi ya programu za Unix na kuyageuza yawe maombi ambayo Windows inayaelewa. Vilivyobaki ni vile vile tunavyovijua: bash, grep, sort, awk, zana za kuandika amri, kutafuta, kupanga na kuchambua maandishi.

Akakubali kwa sharti: kila kitu kikae diski D, nisiwashe huduma yoyote inayosikiliza mtandao, na nikimaliza nimwonyeshe. Najua watu wanaofanya haya kimyakimya. Binafsi siwaelewi. Kompyuta ni ya ofisi, na fundi akikuta kitu asichokijua atakifuta bila kukuuliza, na hutakuwa na pa kulalamikia.

Wenzangu walipotoka kwenda kwa mama lishe, mimi nilibaki. Nikafungua kidirisha cha amri, nikaandika `setup-x86_64.exe --no-admin`, nikaelekeza kila kitu kwenda D:\unix, na kwenye swali la intaneti nikachagua itumie mipangilio ya proksi ya Internet Explorer, maana pale ofisini hakuna kilichotoka nje bila kupita kwenye proksi, kompyuta ya kati kati yetu na intaneti. Ikapita.

Kisha vituko vikaanza. Namba mbili zinafanana kabisa kwenye skrini, lakini `join`, amri ya kuoanisha orodha mbili, inakataa kwamba ni moja. Nikalipitisha faili kwenye `cat -A`, inayoonyesha herufi zilizofichika, na mwisho wa kila mstari kukawa na `^M$`. Windows hufunga mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, Unix kwa moja, kwa hiyo ile ya ziada ilikuwa imeng'ang'ania namba ya mwisho. `dos2unix` ikaiondoa. Halafu kasi: Windows haina ule utaratibu wa Unix wa programu kujigawa mara mbili, hivyo Cygwin inauigiza kwa kunakili kumbukumbu, na kila programu ikiamka antivairasi nayo inataka kuikagua. Skripti iliyoita programu mpya kwa kila mstari ilikuwa inatambaa. Nikaihamishia yote ndani ya awk moja, ikakimbia.

Utamu wenyewe ulikuwa kwenye namba za makontena. Kila namba ina herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Kila herufi ina thamani yake: A ni 10, B ni 12, kwa sababu vigawe vya 11 vinarukwa. Unazidisha thamani ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyo hivyo hadi ya kumi kwa 512, unajumlisha, unagawa kwa 11, unatazama baki. Chukua CSQU3054383: jumla ni 6185, baki ni 3, na namba inaishia na 3. Sasa badilisha nafasi za 5 na 4 hapo katikati. Baki linakuwa 1. Namba imejiumbua yenyewe.

Mistari michache tu ya awk, na orodha za siku ile zikapita humo. Ikatoka namba moja. Ilikuwa ya kontena ambalo mama wa uhasibu alishinda kulipigia simu tangu asubuhi, akijibiwa kwamba halipo. Tulipofungua hati ya meli tukaona: tarakimu mbili zilipishana wakati mtu anaandika. Akapiga tena na namba sahihi. Lilikuwepo, na tozo za kuhifadhi zilikuwa zikiendelea kuhesabu.

Kijana wa IT alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. "Hii folda," akasema, "nikiinakili kwenye mashine ya mama itafanya kazi?"

"Jaribu."

Mama wa uhasibu alivua miwani, akakitazama kile kidirisha cheusi kisicho hata na kitufe.

"Mimi hayo maandishi siyawezi, mwanangu. Ila kesho nakuletea ankara za mwezi uliopita, uzipitishe humo humo."