Daftari la moyo wangu wakati wa tiba ya saratani

Nilipopangiwa tiba ya saratani ya titi pale Bugando, Mwanza, swali langu la kwanza kwa daktari lilihusu moyo, kwa sababu tayari nilikuwa natumia dawa za presha. Akanieleza kwamba doksorubisini, ile dawa nyekundu inayobadilisha hata rangi ya mkojo, inaweza kudhoofisha misuli ya moyo. Madhara yake hujumlishana dripu hadi dripu, ndiyo maana kuna kiwango cha jumla ambacho madaktari hawapendi kukivuka. Na moyo unaweza kuanza kusumbua miaka mingi baada ya tiba kwisha. Kabla ya dripu ya kwanza nikafanyiwa eko ya moyo, yaani kipimo kinachopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ili baadaye kuwe na cha kulinganishia.

Nikarudi Ujiji na daftari. Ukurasa wa mbele nilimwomba nesi aujaze mwenyewe: jina la kila dawa, miligramu, tarehe, jibu la eko. Faili langu liko Mwanza, mimi naishi Kigoma. Nikizidiwa usiku, daktari wa zamu pale hospitali ya Maweni atajuaje nimepewa nini, na kiasi gani? Kurasa za ndani niliandika presha na uzito, kila asubuhi kabla ya chai. Nilikuwa nimeelezwa kwamba uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache, miguu ikavimba, au nikawa silali bila kuinuliwa na mito kwa kukosa pumzi, nisingoje siku ya kliniki.

Jikoni mabadiliko yalikuwa machache: mawese kwa kijiko, chumvi kidogo, migebuka wabichi badala ya samaki wa chumvi. Jioni natembea hadi ufukweni, nikichoka napumzika.

Katikati ya tiba vifundo vya miguu vilivimba na uzito ukapanda. Nikaenda Maweni siku hiyohiyo. Daktari alifungua daftari, akasoma kimya, kisha akasema, "Mama, haya yote ningekuuliza," akawapigia simu Mwanza. Eko iliporudiwa, nguvu ya moyo kusukuma damu ilikuwa imeshuka kidogo. Daktari wa saratani na wa moyo wakazungumza, nikaanzishiwa dawa ya moyo, na dripu zilizobaki zikaendelea kwa uangalizi. Nilishukuru sana, maana niliogopa watazikatisha.

Dripu zimekwisha. Dawa ya moyo bado nameza, eko narudia kila mwaka, na daktari amenikataza kuiacha dawa kwa kujiona mzima.