Seks, sita

Jana jioni mwanangu alikuwa anachora kaa wa kupeleka shule. Akauliza bila kuinua kichwa: "Mama, kaa ana miguu mingapi?"

"Minane," nikajibu, hata sikufikiri.

Akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji. "Mwalimu kasema kumi, ukihesabu na magando."

Mwalimu yuko sawa. Kaa niliyemwona mimi kichwani ni yule kaa mfalme wa Varanger, kaskazini mwa Norwe, ambaye jozi yake ya mwisho ya miguu ni midogo na ameikunja chini ya gamba, kazi yake kusafisha matamvua. Ukimtazama juu juu utahesabu minane. Kwa ukoo, huyo yuko karibu zaidi na wale kaa wadogo wanaohamia kwenye makombe ya konokono kuliko kaa koko wetu. Lakini mtoto wa miaka saba unaanzia wapi kumweleza?

Nikabaki na kalamu zake za rangi mkononi, mawazo yakarudi gatini.

Ulikuwa mwezi wangu wa kwanza kwenye kazi ile ya kaa, Kirkenes, huko huko Varanger. Nilikuwa na kiburi, nisifiche. Mwana wa Pemba, nimekua nikiwachokoa kaa koko kwenye matundu ya mikoko, nawajua hadi meno yao tisa kila upande wa gamba, leo nifundishwe kaa na Mnorwe? Basi asubuhi ile nikajaza kreti, na ndani yake nikapanga watatu wadogo wenye miiba mirefu. Nilidhani ni wafalme wembamba tu, labda wamekosa chakula.

Mzee wa mizani akaja. Huko hata mkubwa wa kazi anaitwa kwa jina lake kavu, ulimi wangu ukakataa, nikawa namwita Mzee. Nadhani aliamini ni neno letu la "mpima kaa".

Hakugomba. Alimtoa mmoja wa wale watatu, akamweka mezani kando ya mfalme wa kweli. Akanionyesha kwa ishara nivue glavu. Kinorwe changu wakati ule kilikuwa cha dukani: mkate, bei gani, asante. Akanishika kidole cha shahada, akakipeleka katikati ya mgongo wa mfalme, pale nyuma kwenye kibao kilichoinuka. Gamba lilikuwa la baridi hadi linauma, rangi ya zambarau iliyoiva, kwa maana wekundu wanaoujua watu ni wa kwenye sufuria. Akakigusisha kwenye mwiba wa kwanza. *En.* Wa pili. *To.* Nami nikawa nafuatisha kwa Kiswahili, kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti. Miiba mitatu huku, mitatu kule. Tulifika pamoja, yeye *seks*, mimi sita, akacheka kwa jinsi yalivyofanana.

Kisha akakihamishia kidole puani. Pua ya mfalme ni ncha moja. Ya yule mwingine ilikuwa ndefu, na mwishoni imegawanyika ncha mbili kama uma. "*Trollkrabbe*," akasema. Kaa zimwi. Akawatoa wote watatu, kreti ikaenda zake.

Baadaye nilicheka peke yangu. Zimwi ndiye mwenyeji wa maji yale. Mfalme ni mgeni, Wasovieti walimtoa Pasifiki miaka ya 1960 wakamwachia bahari ya Barents, akatambaa hadi Norwe. Mashariki ya mstari wa longitudo wa nyuzi 26 anavuliwa kwa mgawo, anatunzwa. Magharibi ya hapo anavuliwa bila kikomo ili asisambae. Sisi wageni wa gatini tulikuwa tunautaja mstari ule kwa utani ambao haukuwa utani sana.

Lakini kinachonisumbua ni kile kidole. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba hesabu ya sita ni ya kumtenga mfalme mwekundu na ndugu yake wa buluu wa bahari ya Bering, huko Alaska, mwenye miiba minne. Varanger huyo wa buluu hayupo. Pua peke yake ingetosha, sekunde mbili, glavu mkononi. Sasa Mzee alinihesabisha ya nini? Pengine aliwahi kufanya kazi Alaska. Pengine aliona nahitaji kujifunza namba.

Mwanangu amechora miguu minane, kisha akaongeza miwili kwa penseli hafifu, ili ikibidi aifute.