Damu si kila kitu, jamani

Jana umeme uliporudi hapa Kirumba, Mwanza, tukamalizia Shoplifters, filamu ya Kijapani ya Hirokazu Kore-eda iliyobeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2018. Mwanzo unajikokota, nakubali. Bibi, baba, mama, watoto, wote wamebanana kwenye kijumba kimoja, na hawana undugu wa damu! Wanaishi kwa pensheni ya bibi, vibarua na udokozi madukani.

Ila pale yule mama anapomkumbatia binti waliyemwokota kwenye baridi, akimwambia anayekupenda hakupigi, mama mwenye nyumba wetu akaacha kutafuna karanga. Yeye anauza dagaa soko la Mwaloni, na analea watoto wa marehemu shoga yake. Polisi walipoitenganisha ile familia ya kwenye filamu (samahani ambao hamjaona) akafoka: "Wanawatenganisha kwa faida ya nani?"