Trauti wa kula na trauti wa kurudisha majini

Jana nimerudi na trauti wawili tu, hawa samaki wa mito ya maji ya baridi, na nilikuwa mtoni tangu kabla jua halijatoka mpaka saa nne hivi, na kama kawaida nimeulizwa sasa faida iko wapi, si bora ununue tu yaishe. Faida ipo ila sio kwenye idadi. Mi nikila trauti niliyemvua mwenyewe najua katoka maji gani, kafa vipi, na kwa nini nilimchukua yeye wakati wenzake watano niliwaachia waende. Hilo la kuchagua ndo nataka kuliongelea leo, maana naona watu wengi wanaamini ukishavua samaki wa karibu na unapoishi basi tayari umekula bila kuharibu kitu. Sio hivyo jamani. Kijito kidogo watu kumi wenye nia nzuri kabisa wanaweza kukimaliza ndani ya msimu mmoja.

Kwanza jiulize, huyo samaki ni wa hapo kweli? Trauti wa upinde wa mvua, yule mwenye mstari wa pinki ubavuni, asili yake ni mito inayomwaga bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika Kaskazini na kule Kamchatka, Urusi. Trauti wa kahawia, mwenye madoa meusi na mekundu, ni wa Ulaya na magharibi mwa Asia. Kwingine kote wamepelekwa na watu tena kwa kujitesa haswa, mwaka 1864 mayai ya trauti wa kahawia yalitolewa Uingereza yakaanza safari ya kwenda Tasmania, kisiwa cha Australia, kwa meli inaitwa Norfolk, karibu miezi mitatu baharini, yamezungushiwa barafu ili yasianguliwe njiani! Na leo wote wawili, wa kahawia na wa upinde wa mvua, wapo kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, kwa sababu wakifika mahali ambapo hawakuwepo wanakula samaki wadogo wa asili na viluwiluwi vya vyura na kila kinachopita mbele yao. Kwa hiyo kama mto unaovua trauti aliletwa tu, kumla mara nyingi ni kuusaidia mto, na kuna sehemu sheria yenyewe inataka usimrudishe. Ila kama ni mwenyeji wa hapo tangu enzi, hapo ndo uwe mgumu na mkono wako. Soma sheria za mto wako kabla hujatupa ndoano, sio baada.

Cha pili ni joto la maji, na hiki watu wanakidharau sana. Trauti ni samaki wa maji ya baridi kwa sababu maji ya baridi ndo yanashika oksijeni ya kutosha, maji yakianza kukaribia nyuzi 20 anahema kwa shida, ukimvuta wakati huo akapigana na mshipi dakika tatu nne hata ukimrudisha taratibu anaweza kuondoka vizuri mbele ya macho yako akaenda kufia chini huko. Natembea na kipimajoto kidogo nimekifunga kwenye kamba, nakiacha majini dakika mbili ndo naamua kama navua au narudi nyumbani.

Alafu kuna kutaga. Hapa nina kitu kinaniuma mpaka leo. Mwaka wangu wa kwanza nilivua jike mkubwa, nikafurahi kweli, nikampiga picha, nafika nyumbani napasua tumbo nakuta limejaa mayai ya rangi ya chungwa, mengine yanateleza yanaanguka kwenye sinki moja moja. Trauti jike anaweza kubeba mpaka mayai 2,000 kwa kila kilo ya uzito wake. Nilisimama pale na kisu mkononi sina hamu ya kula tena. Tangu siku hiyo wakubwa wote wanarudi majini, nachukua wa ukubwa wa kati wanaoingia kwenye sufuria bila kukunjwa, na msimu wa kutaga siingii mtoni kabisa. Ukiona chini ya maji kuna sehemu ya kokoto imesafishwa inang'aa kuliko pembeni yake, jike kaichimba kwa mkia, mayai yako humo chini. Usipakanyage.

Wa kurudisha mshike kwa mikono iliyolowa, maana ule utelezi wa mwilini ndo ngao yake dhidi ya magonjwa, mkono mkavu unaubandua. Na kile kijino cha ndoano kinachozuia isichomoke nakibonyeza kwa koleo kabla sijaanza, ndoano inatoka kirahisi, samaki hata hahitaji kutoka majini.

Wa kula usimwache anatapatapa kwenye majani. Hiyo ni kumtesa bure na nyama nayo inaharibika. Kijiti kizito, mapigo mawili juu ya kichwa nyuma kidogo ya macho, kwisha, alafu unakata matamvua damu itoke na unamweka kwenye barafu papo hapo.

Kumtengeneza ndo sehemu ninayoipenda. Magamba yake ni madogo mno hata hupari, unapasua kuanzia tundu la chini mpaka kidevuni, unavuta matumbo na matamvua kwa mkupuo mmoja. Ndani kwenye uti wa mgongo utaona mstari mweusi wa damu umefunikwa na ngozi nyembamba, huo usipoutoa ndo unaleta ule uchungu ambao watu wanamsingizia samaki. Nauchana kwa ncha ya kisu nausukuma na ukucha wa kidole gumba chini ya maji yanayotiririka mpaka mfupa ubaki mweupe. Tumbo lenyewe nalifungua nione alichokula, jana yule mmoja alikuwa na mbawakawa wadogo weusi na tumawe, mwingine tukamba tudogo tutupu, wale wa majini, na nyama yake ilikuwa ya pinki zaidi ya mwenzake kwa sababu hiyohiyo, ile rangi inatoka kwa hao wadudu wa jamii ya kamba.

Usimpike dakika ileile. Mwili ukiwa umeanza kukakamaa akigusa tu kikaangio anajikunja kama upinde, ngozi inachanika, mlaze frijini mpaka kesho yake bila kumfunika na ngozi itakauka vizuri. Kupika kwenyewe hakuna maneno mengi. Chumvi ndani na nje, mafuta yapate moto kweli, mlaze na usimguse mpaka aachie mwenyewe, geuza mara moja, mwishoni kipande cha siagi na limau. Akiiva nyama inaachana na mfupa ukiichokoa na uma, ukiwa na kipimajoto cha nyama ni nyuzi 63 katikati. Mbichi usile hata kama mto ni safi kiasi gani, samaki wa mtoni anaweza kubeba minyoo ya tegu. Na msisahau kile kinyama cha shavuni, kidogo kama kucha, ni kitamu kuliko minofu yote.

Kichwa, mkia na mifupa vinaenda kwenye sufuria na kitunguu na maji, nusu saa moto mdogo, nachuja. Matumbo nafukia kwenye shimo la mbolea, nafukia chini kabisa wanyama wasichimbue. Supu ya hao wawili ipo frijini imeganda kama jeli, leo usiku nawekea viazi. Mto naupumzisha wiki mbili hizi, maana nilivyotoka saa nne kipimajoto kilikuwa kimeshagonga 18 na jua ndo kwanza linapanda.