Faji (peremende laini) ya chokoleti ya Krismasi

Sukari vikombe 2 (gramu 400), kakao isiyo na sukari gramu 50, maziwa mililita 240, chumvi kidogo. Tumia sufuria kubwa yenye kitako kizito, maana mchanganyiko huu huumuka. Koroga kwa moto wa wastani hadi sukari yote iyeyuke na uanze kuchemka, kisha weka mwiko kando. Punje zilizoganda ukutani mwa sufuria zifute kwa brashi yenye maji. Punje moja ikidondokea ndani, faji nzima inaweza kuwa ya mchangamchanga.

Ipua kwenye nyuzi 114 za Selsiasi. Hiyo ni namba ya pwani, yaani Mombasa au Dar. Nairobi, kwa kuwa iko juu, maji huchemka kwenye 94 hivi badala ya 100, basi ipua kwenye 108. Ukifuata namba ya pwani utapata jiwe. Huna kipimajoto? Dondosha tone kwenye maji baridi: likifinyangika kuwa kidonge laini, tayari.

Weka juu siagi gramu 55 na vanila kijiko 1 cha chai. Usikoroge! Wengi huharibu hapa kwa haraka: ikikorogwa ya moto, chembe za sukari huwa kubwa. Iache ipoe hadi nyuzi 45, pengine saa nzima, ndipo uipige kwa mwiko mpaka mng'ao upotee. Mimina upesi kwenye trei ya sentimita 20 iliyopakwa siagi.

Haikuganda, au imekuwa ngumu mno? Irudishe motoni na maji kidogo, uipike upya. Maziwa ya kopo yenye sukari hurahisisha kazi, ila kwangu hiyo ni peremende nyingine.