Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa vidonda vya sindano Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko tayari kwenye mteremko wa Likoni, nikisubiri feri pamoja na wachuuzi, wapagazi na wanafunzi wa shule za kisiwani. Mimi ni muuguzi katika kituo kinachowahudumia watu wanaojidunga heroini, ambayo sisi huku tunaiita unga. Jamaa zangu hudhani kwamba nashinda nikigawa sindano, na majirani hudhani kwamba nashinda nikiwahubiria mateja waache. Sindano tunagawa, na anayetaka kuacha tunamsaidia, lakini saa nyingi za siku yangu huishia kwenye usaha, shashi na foleni za hospitali.

Saa moja na nusu nafungua chumba cha vidonda, napanga glavu, maji ya chumvi, iodini na bandeji, kisha nakagua sanduku la kutupia sindano zilizotumika.

Saa mbili wateja wanaanza kuingia. Wanaokuja mapema ni wale waliokwisha kupata cha kutuliza arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, kwa sababu mtu anayetetemeka, anayetapika na anayeumwa na mifupa hawezi kulala kitandani nusu saa nikimsafisha kidonda. Asubuhi hii kuna kijana mwenye jipu kwenye mkono, mwanamke mwenye kidonda cha muda mrefu kifundoni, na mzee mmoja ambaye mishipa ya mikono yake imelala yote, hata mimi siwezi kumtoa damu ya kupima.

Chanzo cha majipu haya si siri. Sindano ikikosa mshipa, dawa humwagika chini ya ngozi na kuiunguza nyama. Ngozi isiyooshwa huwa na bakteria, nao huingia pamoja na ncha ya sindano. Sindano iliyotumiwa mara nyingi huwa butu, huchana badala ya kutoboa, na maji ya kuchanganyia yakitoka kwenye mtungi wa maskani, yaani kijiwe wanakojidungia, huleta uchafu wake. Kuosha mahali pa kudunga kwa sabuni, kutumia sindano mpya kila mara, kutoilamba ncha na kubadilisha mahali pa kudunga hupunguza madhara haya kwa kiasi kikubwa. Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo mpaka wateja wenyewe wananimalizia sentensi.

Kijana wa jipu amefungua kapsuli ya antibiotiki na kunyunyiza dawa iliyomo juu ya ngozi iliyovimba. Hii ni desturi iliyoenea sana maskani, na ninaelewa inakotoka: kapsuli moja dukani ni bei nafuu kuliko nauli ya kwenda hospitali. Hata hivyo haisaidii, kwa kuwa usaha uko chini na dawa inabaki juu ikikauka. Jipu lake limeiva, kwa hiyo nalichana, nalitoa usaha, naliosha na kuliacha wazi chini ya shashi ili lipone kuanzia ndani. Ganzi haifanyi kazi vizuri panapokuwa na usaha mwingi, naye anauma kanga niliyompa bila kulalamika. Wekundu uliozunguka jipu nauchorea mpaka kwa kalamu ya wino na kumwambia kwamba ukiuvuka mstari huo, au akipata homa na baridi kali, aje hata kama ni usiku, na akikuta tumefunga aende hospitali moja kwa moja. Namdunga pia chanjo ya pepopunda.

Saa nne tunatoka kwenda maskani upande wa Majengo, mimi na mwelimishaji rika wetu, ambaye naye aliwahi kutumia unga na ndiye anayefunguliwa milango ambayo mimi peke yangu nisingefunguliwa. Huko ndiko tunakomkuta mtu ambaye wenzake humwita Fundi, kwa kuwa zamani alikuwa akitengeneza mashua. Amekaa ukutani, mguu wa kulia ameunyoosha, na suruali yake imelowa jasho. Ananionyesha uvimbe kinenani, mkubwa kama limau. Mwenzake ameshauri wauchane kwa wembe ili usaha utoke.

Naweka vidole viwili juu ya uvimbe, nao unadunda. Unadunda sawasawa na moyo wake.

Mtu ambaye mishipa ya mikono imelala huhamia kinenani, mahali ambapo vena na ateri kubwa ya mguu zimelala bega kwa bega na neva. Sindano ikitoboa ateri badala ya vena, damu huweza kujikusanya kando yake na kufanya uvimbe unaofanana kabisa na jipu. Atakayeuchana uvimbe wa namna hiyo, awe rafiki mwenye wembe au muuguzi mwenye haraka, anaweza kumwua mgonjwa kwa kutokwa na damu kwa dakika chache. Kwa hiyo wembe ulitupwa, na nikamwambia Fundi kwamba tunakwenda hospitali sasa hivi.

"Dada, mimi sikatai," akasema. "Lakini nimejidunga alfajiri. Foleni ikifika mchana arosto itanikuta mle ndani, na nikianza kutapika watanitoa."

Naomba msomaji asilipite jibu hilo haraka. Wahudumu wengi wa afya huamini kwamba wagonjwa hawa huchelewa kuja kwa sababu hawajijali. Fundi alikuwa amejua tangu juma lililopita kwamba ni mgonjwa. Alichokuwa akifanya ni hesabu: heroini humshikilia mtu saa chache tu, na baada ya saa sita mpaka kumi na mbili arosto huanza, ilhali foleni ya hospitali ya umma yaweza kula siku nzima. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na nimeiona ikiwa sahihi kwa wengi.

Tulipanda tuktuk. Tukafika saa tano kasoro kwenye hospitali ambayo sitaitaja, na saa zilizofuata ndizo zilizonichosha kuliko kazi yote ya asubuhi.

Askari wa lango alianza. "Madamu, huyu teja wako asije akatuchafulia mabenchi." Nikamjibu kwamba huyu ni mgonjwa, ami, na ana barua yangu ya rufaa. Akaisoma barua kwa muda mrefu kuliko urefu wake, kisha akatupisha. Kwenye dirisha la usajili tuliambiwa tulete kitambulisho, kwa sababu tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, ilipochukua nafasi ya NHIF ya zamani, kila kitu huanza na usajili, na usajili huanza na kitambulisho. Cha Fundi kilipotea zamani katika msako wa polisi. Karani, msichana mpole aliyeonekana amechoka kama mimi, alisema mikono yake imefungwa na mfumo. Nikamwambia kwamba Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na kwamba ateri iliyotoboka ni dharura. Akamwita msimamizi wake. Msimamizi alikuwa mkutanoni. Tukasubiri mkutano uishe.

Benchini watu walisogea. Mama mmoja mwenye buibui alivuta mkoba wake mapajani, akatutazama kwa muda, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ugonjwa huo unaambukiza. Nilimweleza kwamba uvimbe wenyewe hauambukizi kwa kukaa karibu. Akanyamaza, na baadaye kidogo akampa Fundi chupa yake ya maji, ingawa mkoba hakuurudisha chini.

Adhuhuri iliadhiniwa tukiwa pale pale. Sijui tena ilikuwa saa ngapi Fundi alipoanza kupiga miayo, machozi na makamasi yakimtoka na ngozi ya mikono ikisimama vinyweleo. Nilijua tu kwamba muda wetu umekwisha. Akainuka, akasema anakwenda msalani. Mwelimishaji rika akainuka naye, kwa sababu tunazijua safari za msalani za namna hiyo, na nilipoona wanaelekea langoni badala ya msalani niliiacha foleni nikaingia kitengo cha dharura bila kuitwa. Nilimweleza daktari kijana wa zamu mambo mawili tu: kwamba nina mgonjwa mwenye uvimbe unaodunda kinenani na homa, na kwamba yumo katika arosto na ataondoka ndani ya dakika kumi asipopewa kitu.

Daktari yule alikuja mwenyewe mpaka langoni. Hakumwuliza Fundi kwa nini anatumia unga. Alimuuliza ni wapi panapouma, akagusa kama nilivyogusa, na uso wake ukabadilika. Kipimo cha altrasaundi kilionyesha kwamba ateri imetoboka na kwamba damu iliyojikusanya imeingiwa na maambukizi. Aliamuru antibiotiki za mshipani, akaandika mofini kwa ajili ya maumivu na arosto, akatoa damu ya kuotesha bakteria, akausikiliza moyo kwa makini, maana bakteria waliokwisha kuingia katika damu hupenda kukaa kwenye vali za moyo, na akampigia simu daktari wa upasuaji. Usajili ukafanyika baadaye, kama ulivyopaswa kufanyika tangu mwanzo.

Jua lilikuwa limeshuka nilipomwacha wodini. Wauguzi wa wodi walikuwa wachache na wagonjwa wengi, na mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba hawapendi kulaza mateja kwa sababu hutoroka. Nilimwambia hutoroka arosto, si wodi, na kwamba mofini ikitolewa kwa wakati wake atamkuta kitandani. Aliandika saa za dawa kwenye karatasi ya mgonjwa nikimwangalia.

Nimefika nyumbani miguu imevimba, nikala wali wa jana, na kabla ya kulala nikapiga simu. Fundi bado yupo, na upasuaji umepangwa kesho. Mwelimishaji rika atafika wodini alfajiri, kabla dawa ya usiku haijaisha nguvu, maana hiyo ndiyo saa ambayo wengi huvua kanyula, ule mrija wa dawa mshipani, na kuondoka. Mimi nitaandika barua kwa kliniki ya Kisauni inayotoa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto badala ya unga. Kenya ilianza kutoa dawa hii mwishoni mwa 2014, nayo hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Barua hiyo lazima iwe mkononi mwa Fundi siku atakayoruhusiwa, kwa sababu akirudi maskani bila methadoni, mishipa aliyobakiwa nayo ni ya kinena cha kushoto na ya shingo.